Unyayo wa Nyumba ya Nne

Makumbusho, Kisiwani
3 Februari

Mdogo wangu Pimamaji,

Salamu zikufikie wewe, wifi yangu na wanao. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yameanza kunisema. Najua utanicheka kwa kuandika barua wakati una simu mfukoni, lakini wewe kwenye simu huitikia "ehe, ehe" huku nasikia unagonga vigae. Kwenye karatasi angalau utakaa chini.

Nina habari. Makumbusho makuu ya huko ng'ambo wanautaka unyayo wetu. Wanataka kuikata sakafu ya Nyumba ya Nne, kile kipande chenye mguu wa mtoto, wakiweke kwenye chumba chake peke yake chenye kioo na taa maalumu. Kwanza atakuja Mtafiti wao tarehe 12 Mei, achukue udongo kidogo, kama punje ya mahindi, ukapimwe umri. Mimi kama mtunzaji natakiwa nitie saini ya kuridhia. Karatasi iko mezani tangu juzi, nimeiwekea kikombe juu ili nisiione.

Unajua ule unyayo ndio unaotulisha. Mtu hapandi kivuko asubuhi yote ili aje kuona misingi saba ya mawe na lundo la magamba ya chaza. Anakuja kumwona Mtoto wa Kale. Wanafunzi hupita mbio kwenye sindano za mifupa na mawe ya kusagia, wakifika pale kwenye kizuizi wananyamaza wenyewe. Na swali ni lile lile kila siku: mbona ni mguu mmoja tu? Hakuna hatua ya kuingia wala ya kutoka. Wasomi wameandika kurasa na kurasa juu ya huo mguu mmoja. Mmoja alisema ni tambiko, mwingine akasema mtoto alikuwa kilema. Mimi huwaambia wageni, "watafiti wanasema," kisha nawapeleka kwenye chungu kikubwa.

Leo nimefuta vumbi kwenye picha ya Baba, ile ya siku za uchimbaji, amevaa kofia ya nyapara na filimbi shingoni. Nyuma yake niko mimi na beseni la kuoshea vigae vya vyungu, na wewe umetoa ulimi. Nikakaa nayo sana. Baba hayupo, Mama hayupo, na mimi nastaafu mwisho wa Julai. Tumebaki wawili, ndiyo maana nakuuliza. Nitie saini?

Dada yako


Ng'ambo
19 Februari

Dada, shikamoo.

Barua imenikuta kazini, tunaweka vigae ukumbi wa hospitali. Nimeisoma nimekalia ndoo, mafundi wangu wakadhani nimepewa notisi ya kuhamishwa nyumba kwa jinsi sura ilivyonibadilika. Wifi yako anakusalimu, anasema magoti yapakwe mafuta ya moto na yaache kupanda ngazi za makumbusho mara kumi kwa siku.

Dada, usitie saini. Wakipima ule udongo tumekwisha. Ule unyayo ni wangu.

Nilikuwa na miaka minane. Baba alikuwa amemaliza kuikandika sakafu ya Nyumba ya Nne kwa udongo mpya, kama alivyofanya kila mwaka kabla ya mvua, ili sakafu ya kale iliyo chini isiharibike. Aliutoa udongo kwenye shimo lile lile walilochimba wale watu wa zamani, ndiyo maana rangi haikutofautiana hata kidogo. Akatuonya wote, mtu asikanyage. Sasa mwambie mtoto asikanyage udongo mbichi. Mchana watu walipokwenda kula nikasimama kwenye ukingo wa mawe nikauzamisha mguu wa kushoto. Mpaka leo nausikia ulivyokuwa wa baridi.

Jioni Baba alirudi akanitazama. Hakunipiga. Na kuanzia hapo nyumba ikawa kimya, Mama akawa ananipita kama kiti. Ulikuwa mwaka ule ambao hatuutaji, najua, lakini mimi nilikuwa mtoto, nikaona ni kwa ajili ya sakafu. Nilikua nikiamini hivyo. Baadaye yule Mkuu wa uchimbaji akarudi akaona mguu, akapiga kelele za furaha, na Baba akanyamaza ili kunificha mimi. Nilipofikisha miaka ishirini nikapanda kivuko. Watu huniuliza kwa nini katika ufundi wote nimechagua sakafu. Huwa nacheka tu.

Usimwache Baba aitwe mwongo na mashine. Kataa.

Mdogo wako


Makumbusho
28 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Usimwambie mtu yeyote uliyoniandikia, hata wifi.

Hukumbuki vizuri. Ulikuwa mdogo, na mambo ya zamani mtu huyapanga anavyoweza. Unyayo si wako. Achana nao, fanya kazi zako.

Huku paa la chumba cha pili linavuja, nimehamisha sanduku la sindano za mifupa kwenye kaunta ile ya zamani, ya enzi jengo hili lilipokuwa posta. Binti atakayenirithi ameanza kazi. Ni mwepesi, anaandika vizuri, ila anavaa viatu vinavyolia, mgeni hawezi kutafakari.

Mimi mzima.

Dada yako


Ng'ambo
10 Machi

Dada, shikamoo.

Umeniandikia kama unavyowaandikia wanaoomba punguzo la kiingilio. "Hukumbuki vizuri." Mimi mguu wangu mwenyewe nisiukumbuke?

Nimekaa na jambo hili miaka arobaini na minne. Nilipowaleta wanangu huko walisimama kwenye kizuizi wakamwonea huruma Mtoto wa Kale, na mimi baba yao nikatoka nje nikajifanya navuta hewa. Sasa nimefungua kinywa, wewe unanieleza habari za paa.

Kama si wangu, nithibitishie. Weka karatasi juu yake, chora pembeni kwa penseli, nitumie. Kupima ndiyo kazi yangu. La sivyo nitamwandikia Mtafiti mimi mwenyewe, nimwambie ni mtoto mtundu aliyekosea na Baba hakuwa na hatia. Afadhali nilaumiwe mimi niliye hai.

Mdogo wako


Makumbusho
21 Machi

Mdogo wangu,

Usimwandikie. Nakuomba kama mama yako, maana niliposhika nafasi yake nilishika na hili.

Karatasi uliyoitaka imo humu. Iangalie. Ni sentimita kumi na nne na nusu. Wewe ni fundi, unajua mguu wa mtoto wa miaka minane ulivyo. Huo ni mguu wa mtoto wa miaka mitatu na nusu.

Ni Kitinda.

Nimeandika jina tulilomwita mdogo wetu, nikaweka kalamu chini, nikaenda kufunga dirisha ambalo halikuwa wazi.

Baba alinieleza siku aliyonikabidhi funguo za makumbusho, miaka thelathini iliyopita. Mchana ule mawingu yalipotanda alikwenda kufunika sakafu, akakuta nyayo mbili, kubwa na ndogo. Ile kubwa, yako, aliisawazisha kwa kiganja. Mvua ikamwahi kabla hajafika kwenye ndogo, akatupia turubai akarudi nyumbani, akisema ataimaliza kesho. Kesho yake Kitinda aliamka na homa. Siku ya tisa tulimzika. Baba alirudi shimoni baada ya matanga, akafunua turubai, na mguu ukawa pale pale. Aliniambia alikaa chini mpaka giza likaingia. Hakuweza kuufuta. Akaleta makaa, akaukausha taratibu kwa siku tatu ili udumu. Hakuwa na mpango wa kumdanganya mtu. Alitaka tu usipotee.

Mkuu wa uchimbaji alikuwa hajaja miaka mitatu, na Nyumba ya Nne ilichimbuliwa akiwa hayupo. Aliporudi akaona sakafu iliyochomwa na mguu wa mtoto, aliruka. Baba alifungua mdomo amwambie, yule anamkumbatia. Mpaka jioni taarifa zilishapelekwa kwa simu ya upepo. Baba akasema moyoni, basi acha watu wamwone.

Sasa uliyoniuliza na ambayo hukuniuliza. Nyumba haikunyamaza kwa sababu ya sakafu. Siku ile wewe ndiye uliyeachiwa Kitinda umwangalie. Mama aliamini ulimwacha ukaenda zako kucheza, naye Kitinda akafuata nyayo zako shimoni peke yake, akanyeshewa. Homa ile ilichukua watoto watano kisiwani msimu ule, mvua haikuwa na kosa wala wewe, na muuguzi alimwambia Mama hivyo. Lakini Mama alihitaji wa kumlaumu. Baadaye aliona haya, akatuapisha mimi na Baba tusikuambie mguu ni wa nani, ili usijue alikuwa shimoni ukaanza kujihesabia hatia. Kwa hiyo tulikuficha, na tulipokuficha hatukuweza tena kulitaja jina lake mbele yako, na mwishowe hatukulitaja kabisa.

Na mimi nikuambie ukweli wote, maana nimechoka. Mimi pia nilikulaumu. Ulipopanda kivuko nilisema afadhali. Kila Jumatatu naupiga brashi ule mguu, na Jumatatu nyingi nimekukasirikia.

Karatasi bado haina saini. Nikitia, watampeleka mdogo wetu kwenye chumba cha kioo, na watampima, na watajua. Nikikataa bila sababu watauliza. Nikisema kweli, Baba ataitwa mwongo, mimi vilevile, na makumbusho haya yatabaki na magamba ya chaza.

Dada yako


Makumbusho
15 Aprili

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Nimepiga simu mara mbili, wifi anasema uko kazini, ila sauti yake haikuwa ya mtu anayesema kweli.

Kama nimekuumiza niambie nimekuumiza. Tarehe 12 Mei inakuja.

Dada


Ng'ambo
27 Aprili

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa sifai kwa mtu.

Karatasi yako niliitembeza mfukoni wiki mbili bila kuikunjua vizuri. Alhamisi mafundi walipokwenda kula niliilaza kwenye sakafu ya ukumbi. Nikachukua futi, nikapima. Nikapima tena. Kisha nikapiga magoti nikaweka mikono pande zote mbili za karatasi, kama mtu anayemsimamisha mtoto, na nikajua.

Sikiliza. Sikumwacha. Hata dakika moja sikumwacha.

Nilizamisha mguu wangu kwanza, ndiyo. Akaniona, akataka na yeye. Alikuwa anarukaruka pale ukingoni, ananivuta shati, "na mimi, na mimi." Nikamshika kwapani, nikainama kutoka kwenye mawe, nikamshusha. Mguu mmoja. Alicheka kwa ule ubaridi, akaanza kuurusha ule mwingine, anautaka na wenyewe uguse. Nikamwambia mmoja unatosha, Baba atatuua. Nikamwinua. Ndiyo maana hakuna hatua ya kuingia wala ya kutoka, Dada. Wasomi wako wote wale, na tambiko lao. Alikuwa mikononi mwangu.

Nilimpangusa udongo kwa shati langu. Nikambeba mgongoni kurudi, mvua ikatukuta njiani kwenye mteremko, akaniambia nikimbie, akafurahi. Nilimfikisha mlangoni. Wewe ulikuwa bado kwenye banda la kuoshea vigae, Mama alikuwa uani anaanua nguo. Hakuna aliyetuona tukiingia pamoja.

Utaniuliza nilisahauje. Baada ya msiba hakuna aliyemtaja mbele yangu, na mimi nikajifunza kumtoa kwenye kila kitu. Nikabaki na mguu wangu na ubaridi wa udongo. Nilijikumbuka mimi, nikamsahau niliyekuwa naye.

Nimelia, Dada, mbele ya mafundi wangu waliporudi. Mmoja akadhani kigae kimeniangukia.

Sasa unaniuliza kuhusu saini. Mimi sitaki akae kwenye chumba cha watu wasiomjua, akiitwa wa kale. Ana mwaka wake, ana mama yake. Waambie kweli kabla mashine haijawaambia. Baba aitwe watakavyomwita. Sisi tunajua alikuwa analinda nini.

Mdogo wako


Makumbusho, Kisiwani
4 Mei

Ndugu Mtafiti,

YAH: KUTORIDHIA KUHAMISHWA KWA UNYAYO WA NYUMBA YA NNE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kukujulisha kwamba sitatia saini karatasi mliyonitumia. Unyayo huo si wa kale. Ni wa mdogo wangu, aliyefariki akiwa na miaka mitatu na nusu, miaka arobaini na minne iliyopita. Uliachwa kwenye udongo aliokandika marehemu baba yangu, nyapara wa uchimbaji, kwa ajili ya kuihifadhi sakafu ya asili iliyo chini yake. Mkuu wa uchimbaji wa wakati huo aliudhania kuwa wa kale, na baba hakumsahihisha.

Mimi nimelijua hilo kwa miaka thelathini ya utumishi wangu, na nimewaonyesha wageni bila kuwaambia. Kosa hilo ni langu, asitwikwe marehemu. Niko tayari kwa hatua yoyote mtakayoona inafaa, ingawa mkichelewa kidogo mtanikuta nimeshastaafu.

Ukipenda bado kuja tarehe 12, kivuko cha asubuhi ndicho kisichochelewa.

Wako katika kazi,
Mtunzaji


Makumbusho Makuu
20 Mei

Ndugu Mtunzaji,

Nakushukuru kwa kunipokea na kwa kunieleza yote mbele ya sakafu yenyewe. Nimekaa na barua yako, na wakubwa wangu nao wameisoma. Hakuna hatua itakayochukuliwa dhidi yako.

Hata hivyo, tabaka la juu sasa halihesabiki kuwa kitu cha kale na haliwezi kubaki juu ya sakafu ya asili. Kwa kawaida hukwanguliwa na kumwagwa. Mafundi wetu wamepangiwa tarehe 10 Juni. Kama familia ina njia ya kuliondoa lenyewe likiwa zima kabla ya hapo, sina pingamizi, na binafsi ningefurahi.

Mtafiti


Ng'ambo
26 Mei

Dada, shikamoo.

Asiuguse mtu. Nakuja na kivuko cha tarehe 4, na misumeno yangu ya waya, mbao nne na godoro la mwanangu mdogo. Ukumbi wa hospitali utasubiri. Nitumie unene wa tabaka, pima sehemu tatu.

Mdogo wako


Makumbusho
31 Julai

Mdogo wangu,

Leo ndiyo siku yangu ya mwisho. Nimekaa kwenye kaunta, Binti yuko ndani na viatu vyake.

Tangu uondoke sijakuandikia kwa sababu kila nikianza nakumbuka ulivyolala kifudifudi siku tatu pale chini, ukikata nywele kwa nywele, ukinifokea nisipumue. Mimi dada yako mkubwa. Na ile saa kipande kilipojitenga ukakiinua na ubao, hukusema "nisaidie", ulisema "nimempata." Nilisikia, nikajifanya nimeshughulika na godoro.

Nyumbani nimemweka kwenye chumba cha Mama, chini ya dirisha, kama tulivyokubaliana. Jirani zetu wamekuja kumwona. Wazee wawili walimkumbuka alivyokuwa mtundu, wakasimulia mambo ambayo mimi sikuwa nayajua, tukacheka mpaka chai ikapoa. Sikujua kama mtu anaweza kumcheka marehemu wake vizuri hivyo.

Na sakafu ya chini. Mtafiti alirudi wiki iliyopita, akapiga magoti bila kujali suruali. Ipo nzima. Ina alama za vidole vya mtu aliyeikandika, mikunjo mikunjo kama nusu duara, moja juu ya nyingine, ukutani hadi jikoni. Anasema haijawahi kuonekana iliyohifadhika hivyo, na anasema ni kwa sababu ya udongo wa Baba. Ataandika hivyo kwenye taarifa yake, na jina la Baba litakuwemo. Wageni wamepungua, sikufichi. Kibao cha Mtoto wa Kale kule gatini kimeng'olewa na wanafunzi wengine wamelalamika. Lakini makumbusho hayafungwi.

Nimekuwa nikitafuta namna ya kukuomba msamaha tangu Aprili. Ulipokuwa hapa ulinikatisha kila nilipoanza, ukaniuliza habari za magoti. Sasa huwezi kunikatisha. Nilikukasirikia miaka arobaini na minne kwa kumwacha mtoto ambaye hukumwacha. Nisamehe, mdogo wangu. Ningekuuliza mara moja tu ungenijibu.

Asubuhi nimekabidhi. Tumepitia daftari la vitu mimi na Binti, mstari kwa mstari, sindano, mawe, vyungu. Tulipofika kwenye unyayo akapiga mstari mwekundu kama inavyotakiwa, akaandika tarehe uliyouondoa. Safu ya mwisho inauliza sababu ya kuondolewa. Akaniangalia, hakujua aweke nini, akanigeuzia daftari na kalamu.

Nikaandika: Amechukuliwa na ndugu zake.

Dada yako